Mwaka wa Miezi Kumi na Tatu

Zamani kidogo, kabla Mama Douce hajaingia katika kazi ya maua, kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba Wahindi wa Lilongwe wananunua maua, tena kwa magunia. Mtu huyo ni Ntirampeba. Majirani humwita Papa Cyrille, kwa jina la mwanawe wa kwanza ambaye sasa ni mtu mzima mwenye nyumba yake. Ni Mrundi wa Kirundo, mwembamba, mikono mirefu, mkulima tangu alipoweza kushika jembe. Shule aliiacha darasa la tatu. Ukimpa karatasi yenye maandishi ataigeuza juu chini, atakurudishia na kusema miwani ameiacha nyumbani. Hana miwani.

Ujuzi wa maua aliupata kwa macho yake mwenyewe. Alipofika Malawi alifanya kibarua cha bustani kwa miaka miwili, Lilongwe, katika nyumba ya familia moja ya Kigujarati nyuma ya maduka ya mji wa zamani. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee mjane aitwaye Hansa, mzaliwa wa hapohapo Malawi, Kichewa chake kimenyooka kuliko cha Wachewa wengine. Watu wote walimwita amayi Hansa, yaani mama Hansa. Ntirampeba aliona kuwa kila mwaka inakuja jioni moja ambayo nyumba ile, na zote za ukoo wao, zinawashwa taa ndogo za mafuta kizingitini, na juu ya kila mlango linatundikwa shada la maua ya rangi ya chungwa, yale mazito yenye harufu kali. Tena aliona kuwa kila mwaka maua hayatoshi. Wanawake wanagombania. Basi akaokota vichwa vilivyokauka kwenye takataka, akatoa mbegu, akazifunga ndani ya kitambaa.

Kibarua kilipokwisha akarudi kambini, akakodi kwa Mmalawi mmoja kipande cha dimba, yaani shamba la bondeni ambalo kiangazi kikikauka kote, lenyewe bado lina unyevu. Akapanda. Mwaka wa 2020 akapeleka maua yake ya kwanza Lilongwe, na sikukuu ya taa iliangukia tarehe kumi na nne Novemba. Mwaka uliofuata iliangukia tarehe nne Novemba, akaikosa kidogo tu, maua yakiwa hayajafumbuka vizuri. Hapo ndipo alipoanza kufikiri. Alichora kwa kisu mistari kwenye mwimo wa mlango wake, mstari mmoja kwa siku moja, akahesabu: siku kumi nyuma. Mwaka wa 2022 akawahi kupanda, na kweli, sikukuu ikaja tarehe ishirini na nne Oktoba. Siku kumi na moja nyuma. Yeye peke yake mjini alikuwa na magunia ya maua yaliyofumbuka siku yenyewe.

Nani angesema kwamba mtu asiyesoma ameipata kanuni ya sikukuu ya watu wa dini nyingine, kwa kisu na mlango? Ntirampeba hakumwambia mtu. Hata Nella, mkewe, hakumwambia. Alikuwa akipita mlangoni pake, anaigusa ile mistari kwa kidole, roho yake inatulia.

Aliyeharibu utulivu huo ni Nella mwenyewe, na wala hakukusudia. Alikuwa anaimba kwaya na mama mmoja wa Bukavu, Générose, mama wa msichana aitwaye Douce. Mama Douce alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule kwao. Dzaleka alikuwa anashona nguo, lakini cherehani ilimfia, akabaki anahangaika. Nella akamhurumia, akamchotea mbegu za maua kiganja kimoja, akamtajia na nyumba ya amayi Hansa.

"Umemupa mbegu zangu?" Ntirampeba aliuliza siku alipoona miche mistari miwili kwenye dimba la jirani, kipande cha Mama Douce.

"Zilikuwa zinaoza mu kitambaa," Nella akajibu. "Na Mungu alikupa bure."

Mbegu kiganja kimoja si kitu. Lakini mwaka ule ule wa 2022, alipofika na magunia yake kwa amayi Hansa, alimkuta Mama Douce amefika na kikapu chake kidogo cha maua, naye amekaa varandani juu ya kiti. Kiti cha mbao chenye mto. Miaka miwili Ntirampeba alimwagilia bustani ya nyumba ile, na chai yake aliinywea nyuma, karibu na bomba, akiwa amechuchumaa. Mama Douce alikuwa amefika siku hiyo hiyo moja, na tayari magoti yake yalikuwa karibu na magoti ya yule bibi, wameinamia karatasi pamoja, wanacheka.

Njia nzima ya kurudi hakumbuki alichokiona dirishani.

Karatasi ile ilikuwa kalenda. Amayi Hansa alimpa Mama Douce nyingine ya mwaka uliokuwa unaingia, na mwezi wa Januari 2023, zamu ya maombi ya mtaa ilipofika nyumbani kwake, kila mtu aliiona ukutani. Kubwa, ina picha ya mungu wao wa kike amesimama juu ya ua jekundu. Hiyo picha Mama Douce alikuwa ameifunika kwa kitambaa chepesi, kwa heshima ya wapendwa wa kanisa. Chini ya picha kulikuwa na vyumba vya tarehe. Katika kila chumba kulikuwa na namba kubwa tunayoijua sisi, na pembeni namba ndogo za mwandiko mwingine unaoning'inia kama nguo kwenye kamba, na mahali pengine duara jeusi, mahali pengine duara tupu.

Maombi yalipokwisha mzee wa kwaya akauliza, "Mama Douce, haya madudu ni nini?"

Basi akasimama. Alisimama kama mwalimu anavyosimama, mkono mmoja mgongoni, akaanza kueleza, na watu waliokuwa wanataka kwenda kulala hawakwenda.

"Bale bantu mwezi wao wa kalenda njo mwezi wa juu mbinguni," alisema kwa Kiswahili cha Bukavu, ambako ndio husemwa njo. "Hii duara nyeusi ni siku yenye mwezi haionekane. Kutoka pale banahesabia hatua kumi na tano mwezi ikipanda, mpaka hii duara tupu, mwezi mzima. Kisha kumi na tano ikishuka. Ile hatua banaiita tithi. Na siku yao haianze katikati ya usiku kama yetu, inaanza jua ikitoka. Hatua yenye iko pale jua ikitoka, njo inapatia siku ile namba." Akazisoma zile namba ndogo moja moja kwa kidole.

"Sasa hapa," mzee akasema, ameweka kidole, "nasikia umesema hii ni saba, na inayofuata ni tisa. Nane iko wapi?"

Mama Douce alicheka. Ndilo swali alilokuwa analisubiri. "Mwezi haitembee sawasawa, papa. Kuna wakati inakimbia. Hatua ya nane ilianza kisha jua kutoka, ikaisha mbele jua itoke tena. Haikuona asubuhi hata moja, basi haikupata siku. Na wakati mwingine mwezi inalegea, hatua moja inaona asubuhi mbili. Siku mbili, namba moja."

"Ah! Basi kule wanaibiwa siku!" mtu akasema, nyumba nzima ikacheka.

Ntirampeba hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango, na kifuani mwake kitu kilikuwa kinamwunguza kama pilipili iliyopita njia mbaya. Alitaka maneno yale yawe ya kijinga, nayo hayakuwa ya kijinga. Alijiona amesimama mbele ya mwimo wake wa mlango na kisu, mwaka baada ya mwaka, na huyu mama amepewa yote kwa alasiri moja, kwa sababu anajua kusoma na kucheka vizuri. Mama Douce alikuwa anafunua kurasa za katikati ya mwaka, anasema, "Sasa mwaka huu kuna kitu kingine kya ajabu," ndipo Ntirampeba akainuka.

"Mbuzi zangu haziko zimefungwa," alisema, akatoka.

Hivyo hakusikia kile kitu cha ajabu kilikuwa nini.

Mwezi wa Agosti ulipoingia, alichukua hesabu yake. Tarehe ishirini na nne Oktoba, rudi nyuma siku kumi na moja, unapata tarehe kumi na tatu Oktoba. Maua yale yanataka miezi miwili na siku kadhaa kutoka mbegu hadi kufumbuka. Akapanda wiki ya kwanza ya Agosti, mistari kumi na minne, mingi kuliko mwaka wowote. Kipande cha Mama Douce pembeni yake kilikuwa hakina kitu, kimebaki na mabua ya maharage. Siku ya tatu ya kupanda akaja, amebeba ndoo, akasimama kwenye mpaka.

"Papa Cyrille, bwakeye," alimsalimu kwa Kirundi, kwa adabu. "Mbona unawahi hivi?"

"Sikuwahi."

"Mwaka huu njo wa miezi kumi na tatu. Banaongeza mwezi. Sikukuu ya taa itakuwa Novemba, tarehe kumi na mbili. Ukipanda sasa, maua itazeeka."

Ntirampeba aliendelea kufukia mbegu. Mwaka wa miezi kumi na tatu! Amezaliwa, amekimbia vita, amevuka nchi tatu, hajapata kuusikia. Aliona wazi ni nini kinachofanyika: huyu mama mwenyewe amechelewa, mbegu hana, sasa anataka na yeye achelewe.

"Asante, Mama Douce," alisema. "Kila mutu apande yake."

"Sawa, papa." Akaenda zake na ndoo yake, akageuka mara moja kama anayetaka kusema neno, asiseme.

Ule mwezi wa Septemba ulikuwa mtamu kwa Ntirampeba. Maua yake yaliota, yakasimama mistari iliyonyooka, majani kama manyoya. Ya Mama Douce ndiyo kwanza yanatoboa udongo, urefu wa kucha. Kila jioni alichota maji kisimani, anamwagilia, anatupa jicho upande wa pili, anarudi nyumbani ana njaa nzuri. Nella akamuuliza anafurahia nini. Akasema hakuna.

Alhamisi tarehe kumi na mbili Oktoba alivuna magunia matatu, akaomba kibali cha kutoka kambini, akashuka Lilongwe. Kwenye mtaa wa maduka aliona jambo ambalo hakulipenda. Hapakuwa na taa madirishani. Hapakuwa na masanduku ya peremende. Wenye maduka walikuwa wamekaa wanapunga karatasi kwa joto la Oktoba, kama siku yoyote. Akajisemea, labda wanaanza kesho.

Kwa amayi Hansa geti lilikuwa wazi. Alimkuta uani, amevaa sari nyeupe, ameweka juu ya ukuta majani mapana yenye wali wa maziwa na mikate ya kukaanga, na kunguru wenye shingo nyeupe wanagombana pale juu. Ndani kulikuwa na wageni na kasisi wao, wote wanyamavu. Bibi aligeuka akamwona, akayaona magunia.

"Bambo," alimwita bwana kwa Kichewa, kwa sauti ya chini, "haya maua ya nini leo?"

"Sikukuu ya kesho, amayi."

"Sikukuu?" Alimwangalia kwa huruma, na huruma ile ilimchoma. "Hizi ni siku za wafu wetu. Nusu mwezi ya giza, tunawalisha wazee waliotangulia kupitia ndege hawa. Hakuna anayenunua kitu cha furaha, hata kitambaa kipya. Taa ni mwezi ujao, tarehe kumi na mbili. Mama Douce hakukwambia?"

Kama angesema neno lingine lolote, Ntirampeba angesimama akamsikiliza mpaka mwisho. Lakini jina lile, mahali pale, mbele ya kunguru! Alibeba magunia yake, mawili begani na moja kwapani, akageuka. Nyuma yake bibi alimwita: "Bambo, dikirani! Subiri, usiende, Jumapili—" Yeye alikuwa ameshafika barabarani, anasikia damu masikioni tu.

Kesho yake, Ijumaa, mchana, Mama Douce alifika nyumbani kwake anahema. Nella alikuwa anasonga nsima. Ntirampeba alikuwa amekaa kizingitini, magunia yako kivulini nyuma yake.

"Papa Cyrille, Mungu asifiwe, haujatupa," alisema. "Amayi Hansa amenipigia telefone. Kesho kutwa, Jumapili, mwezi mupya inaanza, banaingia mu siku tisa za mama mungu wao. Kila siku banaweka maua. Mi yangu haijafumbuka, sina hata moja. Anataka zote zenye uko nazo, na zenye ziko bado mu shamba. Nyunyiza maji tu, zitafika."

Nella aliacha mwiko. "Unasikia?"

Alisikia. Lakini alichokisikia hakikuwa habari ya maua. Alisikia kwamba bibi amempigia simu huyu, si yeye. Kwamba habari ya maua yake mwenyewe inatoka mdomoni mwa huyu. Kwamba jana bibi na huyu wamemzungumzia, jinsi alivyosimama na magunia kama mjinga mbele ya kunguru.

"Jana banasema siku za wafu," alisema polepole. "Leo banasema siku za furaha. Kesho mutasema siku za nini? Umekuja kuniangalia, Mama Douce. Sema kweli. Umekuja kuona Ntirampeba analia."

"Mi? Papa, hapana, ni nusu mwezi ya giza njo inaisha kesho, kisha—"

Hakumwacha amalize. Alisimama, akalishika gunia la kwanza kwa pembe mbili, akalimwaga zizini kwa mbuzi. La pili. La tatu. Rangi ya chungwa ilitapakaa juu ya mavi. Mbuzi walinusa, wakarudi nyuma, kwa maana ile harufu hata wao hawaipendi. Mama Douce alisimama na mkono mdomoni. Kisha akamwambia Nella kwaheri kwa sauti ndogo, akaondoka.

Hasira haikuishia pale. Alichukua jembe, akateremka dimbani kwenye jua kali, akaanza kung'oa. Aling'oa mistari saba, na machipukizi yake yote, akasema moyoni kuwa atapanda mahindi, mahindi hayana kalenda. Mstari wa nane mgongo ukamkatalia, akakaa chini.

Jumapili, baada ya ibada, kila mtu alikuwa na habari. Mshonaji mmoja aliyetoka Lilongwe alisimulia kuwa hekaluni kwa Wahindi watu wamejaa, wanawake wanacheza kwa duara na vijiti, na kwamba maua yamekosekana kabisa, wanafunga ya plastiki. Nella alimtazama mumewe. Alimwekea chakula, akaenda kula kwa jirani. Siku tatu alifanya hivyo.

Siku ya nne Ntirampeba alikwenda dimbani, akavuna kilichobaki kwenye ile mistari saba, nusu gunia, akashuka Lilongwe. Hakumwambia mtu. Amayi Hansa alimpokea varandani, sasa amevaa sari ya kijani, akayachukua maua yale kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa maji. Hakumuuliza ya Alhamisi. Alisema tu, "Kaa."

Akakaa kwenye ngazi.

"Amayi," alisema, na ilimchukua muda kusema. "Huyu mama wa Bukavu mulimufundisha kwa sababu anasoma?"

Bibi aliyapanga maua kwanza kwenye sinia. "Nilimfundisha kwa sababu aliniuliza," alisema. "Wewe ulikaa bustanini mwangu miaka miwili. Kila sikukuu uliangalia, niliona unaangalia. Hukuuliza hata neno moja."

Ntirampeba aliokota ua lililoanguka kwenye ngazi, akaliweka siniani.

"Bibi yangu mzaa mama hakujua herufi," amayi Hansa aliendelea. "Yeye ndiye alikuwa kalenda ya mtaa mzima. Lete mkono."

Akamshika mkono, akamwonyesha. Kila kidole pingili tatu, na kidole gumba nacho kinahesabiwa tatu ukitia ile nyama ya chini yake. Mkono mmoja kumi na tano: hizo ni hatua za mwezi ukipanda. Mkono wa pili kumi na tano: hizo za kushuka. Mikono miwili, mwezi mmoja. Miezi kumi na miwili ya namna hiyo inakwisha siku kumi au kumi na moja kabla jua halijamaliza mzunguko wake.

"Ile niliijua," Ntirampeba akasema haraka. "Siku kumi na moja. Niliihesabia mwenyewe, mu mulango wangu."

"Mwenyewe?" Bibi alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. "Basi ulifika mbali, bambo. Ulibakiza hatua moja. Tukiacha hivyo kila mwaka, sikukuu itazunguka mwaka mzima kama mfungo wa Waislamu: mara kiangazi, mara mvua, mara baridi. Wao ndivyo wanavyotaka. Sisi tunataka kila sikukuu ikae majira yake. Kwa hiyo tunaliangalia jua. Jua nalo lina nyumba kumi na mbili, na kila mwezi linahamia nyumba nyingine. Ukitokea mwezi mzima, kutoka giza mpaka giza, jua halijahama, mwezi huo hauna haki ya jina lake. Unaazima jina la mwezi unaofuata, jina linatumika mara mbili. Inatokea karibu kila mwaka wa tatu. Mwaka huu ulikuwa Julai mpaka katikati ya Agosti. Ndani yake hatuozi mtu, hatufungui duka. Tunasali tu."

Ndani ya mwezi ule usio na haki, ndipo yeye alipopanda mistari yake kumi na minne. Akauona ujinga wake mzima, umekaa kwenye pingili za mkono wake.

Novemba ikafika. Mashina aliyoyaacha yalikuwa yamechoka, maua yake madogo kama vifungo vya koti. Ya Mama Douce yalikuwa makubwa, kila moja linajaza kiganja. Walishuka siku moja. Alimwona jinsi wanawake walivyomzunguka, akajilazimisha kumsalimu, naye alimwitikia vizuri, bila neno la Oktoba. Afadhali angemtukana.

Tangu hapo Ntirampeba alikwenda kwa amayi Hansa kila alipopata kibali. Alijifunza kuhesabu kwa vidole bila kutazama, mkono mfukoni, hata kanisani. Alijifunza kwamba kila siku ina saa moja na nusu mbaya, ambayo mtu haanzi safari, na kwamba saa hiyo Jumatatu iko asubuhi na Jumapili iko jioni. Alijifunza majina ya nyota ambazo mwezi unalala kwao kila usiku. Mengi hayakuwa na faida yoyote kwa maua. Alijifunza kwa sababu hakujua Mama Douce anajua kiasi gani, na hakutaka kubaki nyuma hata kwa nyota moja.

Mwaka wa 2024 wote wawili walipanda wiki moja, Agosti. Kama Mama Douce alitangulia kumwagilia asubuhi, Ntirampeba hakupata hamu ya uji. Katikati ya Oktoba, mwezi ukiwa mzima, alikuwa varandani Lilongwe. Bibi akamwambia sikukuu ya taa ni Alhamisi, tarehe thelathini na moja.

"Kalenda ya Mama Douce inaonyesha Ijumaa," Ntirampeba alisema. Alikuwa ameichungulia dirishani kwa Mama Douce, na taa iliyochorwa ndani ya chumba cha Ijumaa haikuhitaji kusomwa.

"Ile imechapwa kule India, kwa jua la kule," bibi akajibu. "Taa zinawashwa jua likizama, na hatua ya giza lazima iwepo saa hiyo. Mwaka huu hatua hiyo inaanza Alhamisi mchana na kuisha Ijumaa. Kule walipochapa kalenda, Ijumaa jua linazama hatua ikiwa bado ipo kidogo, ndiyo maana wakaandika Ijumaa, na hata wao wanabishana. Lakini saa zetu ziko nyuma yao saa tatu na nusu. Hapa, siku ya Ijumaa, hatua itaisha kabla ya saa tisa alasiri, jua bado liko juu. Kasisi wetu amesema Alhamisi. Mwambie na Mama Douce."

Ntirampeba alirudi kambini na neno lile kama mtu aliyebeba yai. Sasa alikuwa na kitu ambacho Mama Douce hana. Siku kumi na tatu alikaa nacho. Nella alimsikia anaimba akichonga mpini.

Jumatano tarehe thelathini, asubuhi, alikuwa anavuna. Mama Douce akapita na ndoo, akasimama kwenye mpaka.

"Leo, Papa Cyrille? Bado siku mbili. Zitalegea." Akatabasamu kidogo. "Unawahi tena."

Hakumjibu. Alifunga magunia, akayabeba mpaka barabarani, akasimama na watu wanaosubiri gari. Gari la kwanza lilipita, hakupanda. La pili lilipita. Alijaribu kufurahi. Alimfikiria Mama Douce amefika Ijumaa na maua yake makubwa, mtaa umejaa majivu ya fataki, naye bibi anamwuliza kwa huruma. Ndicho alichokuwa anakitaka, mwaka mzima. Alikitazama, akakigeuza, na kila alipokigeuza aliona zizi lake la mbuzi.

Jua lilikuwa limeshainama kuelekea alasiri alipomwomba mwenye kibanda amchungie magunia, akateremka tena bondeni.

"Ni kesho," alimwambia Mama Douce. "Si kesho kutwa. Karatasi yako ni ya jua ya kule. Hapa hatua ya giza inaisha Ijumaa mbele ya saa tisa."

Alikuwa amejiandaa kubishiwa. Alikuwa na maneno yote, vidole vyote. Mama Douce aliangusha ndoo, akamwita Douce kwa sauti, akaanza kukata maua. Hakuuliza hata swali moja. Alimwamini palepale.

Hilo lilimuuma Ntirampeba kuliko yote yaliyotangulia. Alisimama pale, mikono mirefu inaning'inia, kisha akachutama, akaanza kumsaidia kukata. Mpaka jua linazama walikuwa wamemaliza nusu ya shamba. Nusu nyingine haikuwezekana.

"Uliijua lini?" Mama Douce aliuliza, anafunga gunia.

"Jana," alisema Ntirampeba.

Alhamisi walishuka pamoja, wakauza pamoja, na maua yao yote yakaisha kabla ya adhuhuri. Watu wa Dzaleka sasa huwasema kama washirika, na ni kweli wanasafiri gari moja. Nusu ya shamba iliyonyaukia bondeni mwaka ule, Mama Douce huisimulia kama bahati, kwamba Papa Cyrille alisikia habari siku moja tu kabla, akakimbia kumwambia. Akiisimulia kanisani, Ntirampeba huangalia pembeni. Nella, aliyemsikia akiimba wiki mbili nzima, humwangalia yeye.

Na bado, asubuhi akifika dimbani akakuta udongo wa Mama Douce umeshalowa, uji haushuki.